HAKI YA NJIA: MWENDA KWA MIGUU NAYE AULIZWE KIPIMO KINAPOWEKWA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Twamshukuru Yeye aliyeziinua mbingu na akawawekea waja wake mizani, na twamuombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu, katika darasa zetu tumezoea kuisoma ile sura iliyoteremshwa kuwaonya wenye kupunja vipimo, ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wakiwapimia wengine hupunguza. Wengi tukiisoma hukumbuka pishi na kibaba, ratili na mizani ya duka. Maana hiyo ni sahihi, lakini haikomi hapo. Kila jambo la watu lina kipimo chake, na kila kipimo kina mwenye kukiweka. Akiwa mwenye kukiweka ni wa upande mmoja tu, upande wa pili hupunjwa, hata kama hapana aliyekusudia kuiba. Leo twataka kusema juu ya kipimo kimoja ambacho ni nadra kutajwa mimbarini, nacho ni kipimo cha barabara.

Huenda mtu akauliza: barabara ina kipimo gani kinachohusu dini? Twamjibu kwamba muda wa taa inayowasimamisha magari ili watu wavuke ni kipimo. Mwendo wa mwisho aliopewa dereva ndani ya mji ni kipimo. Upana wa njia ya miguu, masafa baina ya kivuko na kivuko, urefu wa matuta, idadi ya watu wanaotakiwa wahesabiwe ndipo mahali pawekwe taa: hivi vyote ni vipimo kama pishi ilivyo kipimo. Tafauti ni moja. Pishi ikipunjwa, mtu hurudi nyumbani na mchele mchache. Kipimo cha barabara kikipunjwa, mtu harudi.

Tumeuchagua mji wa Kisumu kuwa mfano wetu, na tunayo sababu. Kisumu si mji wa mbali na sisi watu wa pwani. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na mji ule ukaitwa Port Florence, na katika waliokwenda na reli ile walikuwamo watu wa kwetu. Kabla ya reli, misafara ya pwani ilikuwa ikifika Mumias. Mpaka leo mtaa wa Kaloleni wa Kisumu wajulikana kwa Waislamu wake, na wengi katika wasomaji wetu wana mjomba au shangazi huko. Sababu ya pili ni kwamba katika miji ya Kenya, Kisumu ni katika ile ambayo baiskeli na miguu ndivyo vilivyoibeba. Watu hutoka Manyatta, Nyalenda na Obunga kwa miguu alfajiri kwenda kutafuta riziki mjini. Kina mama hutoka ufuoni Dunga na beseni la samaki kichwani. Siku ya Jumapili soko la Kibuye hufurika watu, na wengi wao hawakuja kwa gari.

Ama baiskeli, khabari yake ni ya kuzingatiwa. Biashara ya boda boda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia, tangu miaka ya 1960, vijana wakiwapakia abiria kuwavusha baina ya Kenya na Uganda. Ndiyo maana ya jina lenyewe. Kutoka huko ikaenea katika miji ya Nyanza na Magharibi, na Kisumu ikawa mji wa baiskeli za abiria. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, na pikipiki zikaingia kwa wingi, na baiskeli za abiria zikarudi nyuma. Lakini wapanda baiskeli hawakwisha. Mpaka leo wako wanaobeba makaa, maziwa, mikate na magunia ya mboga kwa baiskeli, wakipita pembezoni mwa barabara ambayo haikuwakumbuka ilipochorwa.

Sasa na tufanye hisabu, kwani dini yetu haichukii hisabu. Chukueni barabara yenye njia nne za magari, kila njia mita tatu na nusu. Upana wote ni mita 14. Mahandisi wa nchi nyingi kwa muda mrefu walikadiria kwamba mtu avukaye huenda mita 1.2 kwa sekunde. Kwa kadirio hilo barabara ile huvukwa kwa sekunde kama 12, na taa ikipimwa hivyo huonekana kuwa imetimiza haki. Lakini bibi mwenye maradhi ya goti, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwengine mkononi, aweza kwenda mita 0.8 kwa sekunde. Huyo ataka sekunde 17 na nusu. Taa ikigeuka katika sekunde ya 12, yeye bado yumo barabarani, na zimebaki sekunde tano na zaidi kabla hajafika ng'ambo. Na gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho wa mijini katika sheria ya Kenya, hupita karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Katika zile sekunde tano litakuwa limekwenda mita 70. Basi semeni wenyewe: yule bibi aliuvunja mpaka wa sheria, au sheria ilimpimia kwa miguu ya mtu mwengine?

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Aliyekadiria mwendo ule hakuwa mwovu. Alikuwa na kalamu na vitabu, na pengine alitaka kheri. Alilolikosa ni yule bibi kuwapo mbele yake siku ya kukadiria. Wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu afikaye kazini kwa gari, akaketi katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa, akapanga mwendo wa watu ambao hajapata kwenda nao hatua moja, atapanga kwa kadiri ya macho yake, na macho yake yako nyuma ya kioo cha gari.

Na mambo haya yametokea hata kwa mataifa makubwa. Marekani wana kitabu cha serikali chenye kanuni za taa na alama za barabarani, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1935, na nchi nyingi huazima kutoka humo. Kadirio la mwendo wa mvukaji lilikuwa futi nne kwa sekunde, ambazo ni mita 1.2. Toleo la mwaka 2009 ndilo lililoliteremsha kuwa futi tatu na nusu, baada ya kudhihiri kwamba wazee na wenye ulemavu hawafiki ng'ambo kwa wakati. Hebu mjiulize ni vikongwe wangapi waliopimiwa kwa kipimo cha vijana. Na katika toleo lile lile la 2009 imo kanuni nyengine, kwamba ajali zikiwa ndiyo hoja ya kuomba taa mahali, basi hutazamwa kama zimefika tano katika muda wa miezi kumi na miwili. Maana yake ni kwamba wa kwanza hatoshi, wala wa pili, wala wa tatu. Kanuni kama hii haiwezi kuandikwa na mtu ambaye mtoto wake huvuka hapo kila siku kwenda chuoni.

Vile vile ilienea kwao desturi ya kuweka mwendo wa mwisho kwa kutazama madereva wenyewe huendaje: hupimwa magari mia, na mwendo ambao magari 85 hawauzidi hufanywa ndio mwongozo. Tazameni hapo, enyi wenye akili. Waliohesabiwa ni madereva peke yao. Anayetembea hakuhesabiwa, na mpanda baiskeli hakuhesabiwa, na aliyeiogopa barabara ile hata akaacha kuivuka hakuhesabiwa kabisa. Ni kama kuweka bei ya samaki kwa kuwauliza wachuuzi bila ya kumuuliza mnunuzi. Toleo jipya la kitabu hicho, lililotolewa Desemba 2023, limetaka mambo mengine yatazamwe pamoja na hilo, kama vile watu wanaotembea na wapandao baiskeli. Waliotetea jambo hilo miaka mingi ni watembeaji na wapanda baiskeli wenyewe, kwa barua na kwa hoja, mpaka wakasikilizwa.

Tutazame na Uholanzi, ambayo leo husifiwa kuwa ni nchi ya baiskeli. Mwaka 1971 watu kama 3,300 waliuawa na magari katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwaka 1972 mwandishi mmoja wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake mdogo kwa gari, aliandika makala iliyowataka wazazi wakusanyike kuzuia mauaji ya watoto. Wazazi walikusanyika, wakazikalia barabara, wakaenda kwa wakubwa, wakadai njia za baiskeli na mitaa ambamo gari huenda kwa taratibu kama mgeni. Miaka ikapita, kanuni zikabadilika, na kufikia mwaka 2010 waliokufa barabarani mwaka mzima hawakufika 700, juu ya kuwa magari yalikuwa yameongezeka mno. Watu wale hawakuumbwa na baiskeli miguuni. Walisema, wakasikilizwa, na barabara ikageuka.

Ndugu zetu, hatuzitaji nchi hizi ili mdhani kwamba haki hii ni ya kuazima kwa wengine. Sisi tulikuwa nayo, tukaiweka rafuni pamoja na vitabu vyetu. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba kuondoa cha kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Aliwakataza watu kukaa njiani, na walipotoa udhuru aliwashurutisha waipe njia haki yake, na ya kwanza kwanza katika haki zake ni kuinamisha macho na kuzuia maudhi. Akahukumu kwamba watu wakikhitilafiana juu ya njia, upana wake uwe dhiraa saba, na wanazuoni wakaeleza kuwa hiyo ni kadiri ya kuwatosha watu na wanyama wenye mizigo kupita bila ya kudhuriana. Basi hicho ni kipimo cha barabara, kilichowekwa kabla ya magari kwa karne nyingi, nacho kimewekwa kwa kumtazama apitaye na mzigo wake. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar, naye yuko Madina, alichelea kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraki kwa kuwa hakutengenezewa njia. Ikiwa khalifa aliogopa kwa ajili ya mnyama wa Iraki, nani katika sisi atakayesema kwamba mtoto wa Nyalenda hamhusu?

Na mafakihi hawakuliacha jambo hili kuwa mawaidha matupu. Walisema kwamba mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu pasipo ruhusa, akatumbukia mtu, mchimbaji ana dhamana, hata kama yeye alikuwa amelala nyumbani kwake wakati huo. Al-Mawardi, aliyekufa mwaka 1058, alipoeleza kazi ya muhtasibu alimpa mamlaka ya kuwazuia watu kujenga ndani ya njia na kuwabana wapitao. Kwa hiyo katika Sharia yetu ubaya wa njia una mtu wa kuulizwa.

Lakini tuliyoyakusudia zaidi leo ni sauti, na katika hilo tunayo aya ambayo kila mmoja wetu aijua. Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa na wakubwa wa Makureshi, akitumai kuwaongoza. Akaja kwa miguu Abdallah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akauliza na akakariri kuuliza. Ikateremka sura inayosomwa mpaka leo, ikifundisha kwamba yule aliyekuja mwenyewe akikimbilia kheri hapasi kuachwa kwa ajili ya wenye kujiona wamejitosheleza. Zingatieni hali yake: ni kipofu, amekuja kwa miguu, na ameingia katika baraza ya wakubwa bila ya kuitwa. Mwenyezi Mungu hakusema kwamba alikosa adabu ya kikao. Alimpa haki ya kusikilizwa, na akaifanya khabari yake kuwa ni Kurani. Basi baraza yoyote ipangayo njia za watu, ikiwa kipofu mwenye fimbo yake hana pa kuingilia, baraza hiyo ina la kujifunza katika sura ile.

Huenda mahandisi wakasema: hii ni elimu, nayo ina wenyewe, mchuuzi wa samaki ajua nini juu ya taa za barabarani? Twawajibu kwa heshima. Kadhi naye ana elimu, lakini hatoi hukumu bila ya mashahidi, kwa kuwa elimu yake ni ya sheria, na shahidi ndiye aliyeona. Mhandisi ni kama kadhi, na mwenda kwa miguu ni shahidi. Katika vita vya Badri, Mtume (S.A.W.) alipiga kambi mahali, akaja Hubab bin Mundhir akauliza kama mahali pale pameamrishwa na Mwenyezi Mungu au ni rai ya vita. Alipoambiwa ni rai, alitoa shauri wasogee karibu na visima, kwa kuwa yeye alijua maji yako wapi. Shauri lake likafuatwa. Ikiwa Mtume alilikubali shauri la mwenye kuijua ardhi, mhandisi gani aliye juu ya kushauriwa? Mama wa Kondele ajua ni wapi gari hukata kona bila ya kupunguza mwendo. Mpanda baiskeli ajua ni wapi ukingo wa lami umemomonyoka hata humtupa mbele ya lori. Mtoto wa shule ajua dereva husimama katika milia ipi na hasimami katika ipi. Elimu hii haimo katika ramani.

Wengine husema: watembeaji wenyewe hawafuati sheria, huvuka popote. Hatukatai kwamba wako wafanyao hivyo, na kila mwenye akili yampasa kujilinda. Lakini kivuko kikiwekwa mbali na mahali watu wanakokwenda, na daraja likajengwa lenye ngazi ambazo mjamzito hawezi kuzipanda na mwenye baiskeli hawezi kuipandisha, watu watavuka chini, na hatutakuwa na haki ya kushangaa. Amri isiyowezekana huzaa uasi, kisha muasi hulaumiwa peke yake.

Na liko neno la tatu, nalo ndilo baya zaidi kwa kuwa limevaa kanzu ya dini. Mtu akigongwa, husemwa: ni ajali yake imefika. Ndugu zetu, lugha yetu imeyachanganya mambo mawili katika neno moja. Ajali kwa asili yake ya Kiarabu ni muda aliouandika Mwenyezi Mungu, nao hautanguliwi wala hauchelewi. Ajali kwa Kiswahili cha leo ni gari kumgonga mtu. Kwa kuwa neno ni moja, watu hutumia la kwanza kulifunikia la pili, na dereva aliyekwenda mbio, na aliyejenga barabara bila ya kivuko, wote hujisitiri nyuma ya kudura. Umri umeandikwa, hilo ni katika imani yetu. Lakini aliyeua kwa kukosea analazimika diya na kafara, na lau kudura ingalifuta dhamana, yasingalikuwapo hayo. Sayyidna Umar alipozuia jeshi lisiingie Shamu kwa ajili ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari moja kuiendea nyengine ya Mwenyezi Mungu huyo huyo. Basi na sisi tutoke katika kadari ya barabara isiyo na kivuko tuiendee kadari ya barabara iliyo nacho.

Msidhani kwamba twasema juu ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapandao baiskeli na wapandao pikipiki. Katika Kenya, hisabu za mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, zaonyesha kwamba katika kila mmoja wa miaka 2022, 2023 na 2024 walikufa zaidi ya watu 4,000, na fungu kubwa kabisa ni la waendao kwa miguu. Wanaokufa wengi ni wao, na wanaoulizwa wachache ni wao. Huku ndiko kupunja kipimo.

Je, mlango uko? Uko, na wengi hawaujui. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imefanya ushirikishaji wa wananchi kuwa ni katika misingi inayowafunga watumishi wote wa dola. Kifungu cha 37 kimempa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa wakuu. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti barabara zake, taa za mitaani, uendeshaji wa magari na maegesho. Sheria ya miji ya mwaka 2011 imewapa wakaazi mabaraza ya kujadili mambo ya mji wao. Kwa upande wa Kisumu, kaunti ilitengeneza mwaka 2020 mpango wa usafiri wa mji kwa msaada wa shirika la ITDP na la UN-Habitat, na mpango huo umemweka mwenda kwa miguu na mpanda baiskeli mbele. Katika mtaa wa Oginga Odinga njia za miguu zimetengenezwa na kupanuliwa, na wageni waliokuja katika mkutano wa Africities, Mei 2022, walizipita. Nairobi nayo ilitoa mwaka 2015 sera ya waendao bila ya injini, na ikaahidi asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara ziwe zao. Haya ni mema, na mwenye kufanya jema hushukuriwa.

Lakini ahadi ya kwenye karatasi ni kama mahari ya mdomoni. Mji una katikati na una pembezoni, na mwenye kupendezeshewa katikati tu hupita barazani asione uani. Barabara kubwa zitokazo Kisumu kwenda Kakamega, Busia, Nairobi na Kisii ziko chini ya idara za taifa, si za kaunti, na huko ndiko lori na mtoto hukutana. Tena mikutano ya kuwauliza wananchi, ikitangazwa kwa gazeti asilolinunua mtembeaji, na ikafanywa saa nne ya asubuhi siku ya kazi katika ukumbi wa hoteli, itahudhuriwa na wenye magari tu. Kisha itaandikwa kwamba wananchi waliulizwa.

Kwa hiyo twasema yapasa mambo yafuatayo. Kwanza, katika kila kamati ipangayo taa, vivuko na mwendo wa magari, wawemo watu wendao kwa miguu na wapandao baiskeli, wenye kura na si wasikilizaji tu, na miongoni mwao wawemo wanawake, wazee, na wenye ulemavu wa macho na wa miguu. Pili, mikutano iwafuate watu: Kibuye siku ya soko, Kondele jioni, ufuoni Dunga wavuvi warudipo, na misikitini na makanisani baada ya sala. Tatu, kabla mhandisi hajachora, aitembee njia ile kwa miguu pamoja na waitumiao, asubuhi na usiku, wakati wa jua na wa mvua. Nne, ihesabiwe miguu na baiskeli kama yahesabiwavyo magari, kisichohesabiwa hakipangiwi. Tano, mahali pa shule, soko na msikiti mwendo uteremshwe uwe kilomita 30 kwa saa, kama yalivyoafikiana mataifa katika tangazo la Stockholm la Februari 2020, kwa kuwa katika mwendo huo wengi wa wagongwao huokoka.

Na sasa neno la kwetu ndani. Haifai kumdai mtawala haki ya njia na hali sisi twaila. Wako miongoni mwetu wenye maduka ambao hutandaza bidhaa mpaka ukingoni mwa lami, mtembeaji akalazimika kushuka barabarani. Wako wenye matatu ambao humtaka dereva hisabu ya jioni isiyopatikana ila kwa kwenda mbio, kisha huomba dua ya salama. Na Ijumaa, tazameni nje ya misikiti yetu, ya Mombasa na ya kwengineko: magari yameegeshwa juu ya njia za miguu, na mzee aliyekuja kwa fimbo hupita katikati ya barabara ili aiendee sala. Ni sala gani hii ambayo kwa kuiwahi twamuudhi aiendeaye? Ubaya huu hautaki sera wala kamati. Wataka imamu aseme neno moja kabla ya khutba, na vijana wanne wasimame nje.

Ndugu zetu wa Kisumu, mkiitwa katika mkutano wa barabara, nendeni. Msipoitwa, nendeni vile vile kama alivyokwenda Ibnu Ummi Maktum. Andikeni, pelekeni majina, semeni mahali na saa na hatari iliyopo. Nanyi ndugu wa Mombasa, Malindi na Lamu, msiseme hayo ni ya bara. Anayevuka Kongowea au Likoni yumo katika hukumu ile ile. Na nyinyi mliopewa kalamu ya kupanga, kumbukeni kwamba siku itakuja ambapo wote tutakwenda kwa miguu, bila ya gari wala dereva, tukisimamishwa mbele ya Mwenye mizani isiyopunja. Siku hiyo kila mtu atapimiwa kwa haki, na atakayeulizwa khabari ya pishi ataulizwa na khabari ya sekunde.

Ewe Mola wetu, zirehemu roho za waliokufa njiani wakitafuta riziki ya halali, wape subira waliofiwa, na walainishe nyoyo walio na amri ili wawasikilize wasio nayo. Wabillahi tawfiki.